Jibini Langu Laenda Chuo Kikuu

Jumatatu, 3 Februari

Hatari! Bi Tamayo, mkuu wetu wa kitivo, kaniita ofisini kabla hata sijavua koti. Somo langu, Historia ya Jibini, lina wanafunzi tisa. Tisa! Na chuo kikuu cha jimbo hakilitambui. Kasema vijana wanakaa hapa chuo cha jamii miaka miwili kisha wanahamia huko, na somo lisilohesabiwa huko ni mzigo wa bure. Likibaki hivi, muhula wa vuli halipo.

Miaka kumi na saba nimefundisha jibini! Babu yangu alitoka visiwa vya Azori na kukamua ng'ombe katika bonde hili mpaka vidole vikapinda. Halafu somo linafutwa na mtu anayekula jibini la kwenye karatasi.

Kinachoniuma zaidi ni Halvorsen. Anafundisha maikrobiolojia, chumba cha pili kutoka changu. Mlangoni kabandika orodha ya vyuo vikuu ishirini na vitatu vinavyolitambua somo lake. Kaitia na plastiki isichakae. Majivuno!

Baada ya kipindi kaja Pa Nhia Lor, mwanafunzi wangu bora. Binti anachambua lozi kiwandani na mama yake asubuhi, mchana yuko darasani, hajakosa hata siku moja. Kauliza kama somo hili litaingia kwenye uniti zake za sanaa na utamaduni, zile alama za kuhamia chuo kikuu. Zimebaki tatu tu ahame. Nikamwambia litaingia. Kauliza tena, nina hakika? Nikacheka kama mtu mwenye hakika.

Si uongo. Ni ukweli uliowahi kidogo.

Jumatano, 5 Februari

Nimepata! Nimepata! Nimesoma orodha ya masomo ya chuo kikuu kuanzia ukurasa wa kwanza. Kwenye historia hamna jibini. Anthropolojia, hamna. Ukurasa wa mia mbili na kumi: Maikrobiolojia ya Chakula. Na ndani yake, maneno matamu: "uchachushaji wa maziwa". Maziwa! Niliruka, kahawa ikamwagikia mitihani ambayo sijaisahihisha. Haidhuru.

Maelezo ya masomo mawili yakifanana robo tatu, yanahesabiwa kuwa sawa. Asubuhi maelezo yangu yalifanana neno moja. Kufikia chakula cha mchana yamefanana yote. Palipoandikwa "watawa na mapango yao" sasa pameandikwa "mazingira tulivu ya ukuaji wa vijidudu". "Ziara kwenye zizi la binamu Duarte" imekuwa "maabara, saa hamsini na nne". Jina jipya: Maziwa, Vijidudu na Jamii.

Renzo Achterberg, ofisa anayelinganisha masomo yetu na ya vyuo vikuu, kaisoma karatasi yangu mara mbili kisha akavua miwani.

"Anselmo, somo hili unalifundisha wewe?"

"Kwa mapana yake."

"Na maabara iko wapi?"

"Inakuja, bwana. Wewe peleka."

Kapumua kama gurudumu lililotobolewa. Lakini kapeleka!

Ijumaa, 14 Februari

Kamati ya masomo imekaa leo alasiri. Mwisho wa juma ni mrefu, Jumatatu sikukuu, kila mtu ana ufunguo wa gari mkononi. Nilijua! Niliomba tuwe wa mwisho kwenye ajenda. Nikaja na jibini la Azori, gumu, la miezi tisa, pamoja na mkate mtamu wa dada yangu. Wajumbe watano wakapiga kura vinywa vimejaa.

Halvorsen, naye mjumbe, peke yake hakula. Kauliza swali moja: saa ngapi za maabara? Nikamwambia hamsini na nne, sawa na zake. Kaandika kitu kwenye daftari lake. Wivu mtupu! Somo limepita.

Jumanne, 25 Machi

LIMEKUBALIWA! Barua imekuja kutoka chuo kikuu. Somo langu ni sawa na Maikrobiolojia ya Chakula kuanzia vuli. Nilicheza kwenye ukumbi. Nilimkumbatia mtu wa kufagia, naye akanikumbatia bila kuuliza sababu. Mungu ambariki.

Nimebandika orodha mlangoni pangu. Ina chuo kikuu kimoja, lakini nimekiandika kwa herufi kubwa sana. Na nimeitia plastiki.

Waliojiandikisha kwa vuli mpaka saa kumi: sitini na wanne! Bi Tamayo kanipongeza mbele ya watu. Halvorsen kapita, kasoma mlango wangu, katabasamu. Ananiogopa.

Alhamisi, 27 Machi

Siku mbaya. Naiandika haraka iishe.

Pa Nhia kaja na karatasi kutoka kwa Renzo. Somo likianza kuhesabiwa vuli, litahesabiwa kama sayansi. Sayansi anazo, zinamzidi. Na hili la muhula huu, chini ya jina la zamani, halihesabiwi popote. Amepungukiwa uniti tatu za sanaa na utamaduni, na nafasi yake ya kusomea uuguzi chuo kikuu inataka ziwe zimekamilika kabla ya Juni. Zisipokamilika, nafasi inakwenda kwa mwingine.

Nikaanza kumweleza habari ya mfumo. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Mwalimu, nilikuuliza," kasema. "Nilikuuliza mara mbili."

Nikamwambia nitatafuta njia. Kasema asante, wakati huo ameshashika kitasa cha mlango.

Nikafanya nisilowahi kufanya. Nikagonga kwa Halvorsen. Nikamweleza yote, hata habari ya saa hamsini na nne. Kasema alijua tangu Februari, chuo hiki hakina maabara ya pili, yeye anajua kuhesabu. Nilingoja anicheke. Hakucheka. Kauliza binti anaitwa nani na yuko wapi sasa hivi. Kisha akasimama, kachukua koti lake, na kusema yapo masomo ya nusu muhula yanayoanza Jumatatu, Utangulizi wa Muziki ni uniti tatu na linahesabiwa. Nikasema limejaa, niliona. Kasema, "Basi tukaombe kiti, Anselmo. Mimi naomba, wewe nyamaza."

Alimwomba mwalimu wa muziki kwa dakika kumi, Pa Nhia kando yake. Nilinyamaza. Kiti kimepatikana. Nilimshikia mlango binti alipotoka. Ndio mchango wangu.

Jumatatu, 7 Aprili

Wizi! Bi Tamayo kaniita tena. Somo likiwa la sayansi, sheria inataka mwalimu mwenye shahada ya uzamili ya biolojia. Ya kwangu ni ya historia. Nikasema nimeishi na vijidudu tangu utoto, aulize dada yangu. Kasema sheria haiulizi dada.

Somo kapewa Halvorsen. Sitini na wanne wangu! Halvorsen mwenyewe kasema kwa upole kwamba naweza kuja siku moja kuzungumzia watawa. Dakika ishirini. Kaniomba nilete jibini.

Nimekubali. Lakini nimenuna.

Ijumaa, 23 Mei

Mahafali. Joto la kuyeyusha mtu. Pa Nhia kapita jukwaani na kitambaa cha shingo alichoshonewa na mama yake, maua madogo yasiyohesabika, watu wa kwao wakapiga kelele mpaka maikrofoni ikalia. Barua imefika: uuguzi, chuo kikuu, vuli. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka.

Kaja kunisalimu. Nikamwambia sikuwa na haki ya kumwambia ndiyo siku ile. Maneno yalinitoka yenyewe. Kasema anajua. Kasema lakini somo lenyewe alilipenda, na kwamba siku hizi akiuliza jambo anadai jibu la maandishi. Mama yake, ambaye hatuelewani lugha, akaniwekea mkononi sambusa za kwao ndefu, saba, za moto. Nilizila nimesimama na sikumpa mtu.

Jumatano, 28 Mei

Nimelala vizuri. Nimefikiri vizuri. Na kosa langu sasa naliona wazi kabisa!

Nililinganisha somo na sayansi moja tu. Ndiyo maana alipatikana mtu wa kunipokonya.

Somo jipya: Siagi na Ulimwengu. Nimeshaandika kurasa sita. Theluthi moja inalingana na fizikia ya joto, theluthi na sheria ya ardhi, theluthi na tiba ya mifugo. Renzo kaona ukurasa wa kwanza, kaenda likizo mapema. Vizuri, somo litapita bila maswali.

Hakuna mtu katika bonde hili zima mwenye shahada zote tatu. Nimechunguza. Hakuna hata mmoja!

Kwa hiyo watalazimika kunipa mimi.