Mahakama Imeniponya Bila Kuniuliza

Buyenzi, Bujumbura
Jumapili, 13 Mei 2001

Kwa Mheshimiwa Hakimu Mkuu,
kwa mkono wa karani wa mlango wa pili, yule mpole

YAHUSU: OMBI LA KUFUTIWA USHINDI

Mheshimiwa Hakimu,

Baada ya salamu na heshima zote zinazostahili kiti chako, mimi ni Chabani Radjabu, fundi cherehani wa hapa Buyenzi, mdai katika kesi ya gari lililonivunja mguu. Bila shaka unanikumbuka: ndimi niliyekuja na kigoda changu mwenyewe kwa sababu benchi la mahakama lilikuwa limejaa. Mwezi uliopita ulisoma hukumu, nikashinda. Wakili wangu, Maître Melchior, alinikumbatia hadi miwani yake ikaanguka. Mimi pia nilicheka siku hiyo, kwa ujinga wangu. Nilipofika nyumbani na kuitafakari hukumu yenyewe, nikaona nimeonewa.

Usinidhanie mtovu wa shukrani. Nikukumbushe mambo yalivyoanza.

Mwaka 1997 nchi ilikuwa imewekewa vikwazo, na mafuta ya gari yaliuzwa kwa chupa kama dawa ya kikohozi. Bwana Sylvère, mtumishi wa serikali anayekaa kule mlimani Kinanira, alikuwa na gari zuri na tangi tupu. Siku moja akasikia kwamba kituo kimoja mjini kitapata mafuta. Akalisukuma gari hadi barabarani, akaruka ndani, akaanza kuteremka mlima bila injini, kimya kimya, akapange foleni. Mimi nilikuwa napanda mlima huo huo kwa miguu, kichwa cha cherehani begani, naenda kwa mteja kumshonea nguo za harusi. Honi ilikuwa haifanyi kazi. Sylvère akatoa kichwa dirishani akapiga kelele: «Muzee! Muzee weee!» Sasa, Mheshimiwa, mtu mzima wa Buyenzi akiitwa njiani hakimbii. Husimama akaitikia. Nikasimama, nikaitikia.

Gari lililonigonga ndilo lililonipeleka hospitali, likisukumwa na watu wanane.

Unajua desturi yetu: hospitali inatoa kitanda, chakula kinatoka nyumbani. Na aliyemuumiza mtu ndiye anayegemura, yaani humpelekea mgonjwa chakula mpaka apone. Bibi Consolée, mke wa Sylvère, akapika, na Sylvère akabeba kikapu. Kila siku hospitalini, miezi miwili. Kisha kila Jumapili nyumbani kwangu, miaka minne. Ni Wakristo, lakini hawakuwahi kuniletea nyama ya mashaka. Waliniletea mukeke wa ziwani na ndizi, kwa kuwa samaki haulizwi nani amemchinja.

Haya sasa ndiyo malalamiko yangu.

1. Kuhusu kupona kwangu. Ukurasa wa tatu wa hukumu unasema kwamba majeruhi amepona tarehe 14 Machi mwaka huu. Mheshimiwa, siku hiyo nilikuwepo nyumbani tangu asubuhi, natia vifungo kanzu ya watu, na sikuona chochote. Hakuna aliyekuja kunijulisha. Najua mgonjwa haulizwi uji, lakini walau huambiwa kwamba ameshakunywa! Bibi Consolée ni mwanamke aliyelelewa vizuri. Aliposikia mahakama imetaja siku ya kupona, aliosha kikapu, akakianika, akakitundika ukutani, kwa sababu mgonjwa akipona kugemura kumekwisha. Simlaumu hata kidogo. Nailaumu mahakama.

2. Kuhusu asilimia kumi na mbili. Ukurasa huo huo unasema nimebaki na «ulemavu wa kudumu wa asilimia kumi na mbili». Nimechukua futi yangu ya kazi, nikajipima. Mguu wangu kutoka nyongani hadi kisiginoni ni sentimita tisini na moja, kwa hiyo ubovu wenu ni sentimita kumi na moja hivi. Ziko wapi? Nikianzia chini sifiki kwenye goti, na linaloniuma ni goti. Tena mtu amepona vipi na huku ni kilema? Mteja akija kwangu namwambia shati limekwisha au halijakwisha, simwambii yote mawili. Ama mnipe mguu mbovu mzima, ama mnifutie hizo kumi na mbili zenu, sina haja nazo.

3. Kuhusu haraka yenu. Maître Melchior aliniapia kwamba kesi za ajali huishi kuliko wenye kesi, nami nikamwamini, kwani ana diploma. Mkamwaibisha kwa miaka minne tu. Na kampuni ya bima ilikuwa imejenga hoja tamu kabisa: kwamba gari lisilowaka injini si gari bali ni mzigo, na mzigo haukuwa na bima. Hoja kama hiyo ingetutosha miaka kumi, kwa kuitana na kuahirishana. Wewe ukaivunja kwa mstari mmoja: «Gari ni gari.» Haraka haraka haina baraka, Mheshimiwa.

Hujui mlichokatiza. Karatasi zote za kesi zilikuja kwa Kifaransa, nami nilisoma chuo cha Kurani, nasoma Kiswahili na herufi za Kiarabu basi. Aliyekuwa akinisomea ni nani? Ni Sylvère, mdaiwa mwenyewe. Alinitafsiria kila neno, hata pale wakili wangu alipomwita mzembe asiyejali roho za watu. Hapo alisoma polepole, akauliza kama nataka arudie. Mara mbili alimsahihisha Melchior tarehe ya ajali, ili tusishindwe. Niambie, nitampata wapi adui mwingine kama huyo?

4. Kuhusu bariyeri. Hapa naomba unisikilize vizuri, maana mengine yote nimeyaandika nikitabasamu kidogo.

Wewe ni mtu wa mji huu, unajua miaka hii ilivyo. Wa Kinanira anabaki Kinanira, wa Buyenzi anabaki Buyenzi, na katikati kuna bariyeri, mti umelazwa njiani na askari wanaouliza unatoka wapi na unamfuata nani. Wengi wanarudishwa. Lakini kikapu cha mgonjwa hakirudishwi. Sylvère alikuwa anafunua kitambaa, anasema: «Mi niko napelekea mugonjwa chakula,» wanapandisha mti, anapita. Miaka minne! Mke wangu Fatouma alikuwa amekwisha kufariki kabla ya ajali. Mwanangu Khaled alivuka kwenda Kigoma na watoto wake. Bunduki zinasikika kule milimani, majirani wanafunga milango mapema, na mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa anaingia kwangu. Tulicheza dama kwa vifungo vya shati, yeye vyeupe, mimi vyeusi. Kabla ya saa ya kutotembea alikuwa anaondoka.

Jumapili ya kwanza baada ya hukumu alikuja mikono mitupu. Wakamwuliza anakwenda wapi, akajibu kwa rafiki yake. Wakamwambia kila mtu ana rafiki, arudi nyumbani. Hayo nimeyasikia kwa muuza mikate aliyekuwa nyuma yake. Jumapili mbili zilizofuata hakutokea. Mchezo wetu bado uko mezani, ni zamu yake kucheza, nami sijagusa kifungo. Risasi nimezizoea, Mheshimiwa. Ninachoogopa ni Jumapili.

Kwa sababu hizo naiomba mahakama yako tukufu ichague moja kati ya haya:

Kwanza, iniondolee kupona, kuanzia tarehe 14 Machi. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi yangu siyafichi.

Kama sheria haikubali, basi nipewe ruhusa ya kugongwa tena na Sylvère, mahali pale pale, injini imezimwa, mbele ya karani. Nitasimama mwenyewe bila kuitwa. Safari hii nitatoa mguu wa kushoto, ili nao usione wivu. Nasisitiza gari lisukumwe, kwa sababu siku hizi mafuta yamepatikana na Sylvère akiwasha injini huenda mwendo wa kutisha.

Kama na hilo linawahuzunisha, basi Sylvère aruhusiwe kunishtaki mimi. Kichwa cha cherehani yangu kilibonyeza boneti ya gari lake, na alama ipo hadi leo. Nitakiri siku ya kwanza. Hapo mkosaji nitakuwa mimi, na kwa desturi nitapaswa kugemura. Gari halili, najua, lakini Sylvère anaweza kula kwa niaba yake. Jirani yangu Assia anasema ugali wangu ungefaa kujengea ukuta, ila nimeshaanza kujifunza. Nitapanda hadi Kinanira na kikapu changu, kwa mguu wangu huu mliouponya, na tuone kama utafika.

Fidia yenu niko tayari kuirudisha. Baada ya wakili, mtaalamu na mihuri, ilibaki ya kununulia sindano. Sindano nitazirudisha pia, isipokuwa moja iliyovunjika.

Nisalimie makarani wote, na mlinzi wa geti aliyenishikia kigoda. Nisalimie daktari mtaalamu aliyenikunja goti mara mbili akajua yote. Nisalimie hata wakili wa bima, mwambie hoja yake ilinigusa moyo. Nyumbani kwako uwasalimie wakubwa kwa wadogo.

Ni mimi, mshindi wako asiye na raha,
Chabani Radjabu
Fundi cherehani

Baada ya sahihi: Nilikuwa natafuta gundi ya bahasha, mara Sylvère akaingia. Ana kikapu! Mukeke bado una moto. Anasema kule bariyeri walimcheka: yule mgonjwa wako si korti imemponya? Naye akatoa nakala ya hukumu mfukoni, akawafungulia ukurasa wa tatu, akawaambia: «Apana, korti haikumuponya yote. Kumi na mbili kwa mia imebakia, na hiyo iko na njaa.» Mkubwa wao akausoma ukurasa mara mbili, akacheka, akapandisha mti. Bibi Consolée naye amekubali kwamba sheria ni sheria.

Sylvère amenisomea barua hii kwa sauti huku anakula ndizi zangu, na amesahihisha tarehe moja. Naituma kwa kuwa stempu nimekwisha kuibandika. Lakini malalamiko yote nayafuta, na la pili nalifuta kwa kuomba radhi. Hukumu yako ni ya haki, Mheshimiwa. Hizo asilimia kumi na mbili naomba mtu asiziguse, wala wa rufani. Mmeandika wenyewe, na mhuri mmepiga, kwamba ni za kudumu.