Bomba la Shaba la Mama Mukandoli

Vénant alipozunguka nyuma ya jiko na kuliona bomba lile, mate yalimjaa mdomoni. Lilitoka ukutani, jekundu, nene kama kidole gumba, likashika koki ya mviringo, kisha likazama ardhini. Lilikuwa na kazi gani? Hakujua. Maishani mwake hakuwahi kuona bomba la namna hiyo. Alijua tu kwamba ni shaba, na wanunuzi wa vyuma chakavu wa Mbarara wakiona shaba huinuka vitini.

Kwao Kashojwa, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Vénant alikuwa Mkongo muuza maharage, mume wa Grâce, mwenye maneno mengi kuliko maharage. Akifika Mbarara na kuvaa kofia ngumu ya manjano, aligeuka Enjenia Vénant, mkaguzi wa nyumba. Shule ya uenjenia huo haijajengwa bado. Leo alikuwa amekodiwa na Rwakabuba, mchuuzi wa maziwa kutoka Bwizibwera, aliyetaka kununua nyumba hii ya mtaa wa Ruti kwa bei ya kutupa.

"Tafuta makosa, sebo," Rwakabuba alikuwa amemnong'oneza getini. "Makosa mingi." Moja walikuwa wamekwisha kulipata: nyumba haikuwa na maji ya mji, ilitegemea tangi la mvua.

"Eh, mtoto yangu," akauliza mwenye nyumba, mjane Mama Mukandoli, "hiyo kitu wewe unaijua?"

Vénant akaligonga bomba mara mbili, akatega sikio kama daktari, akavua kofia kwa huzuni.

"Mama, hii tunaita *retour de vapeur*. Iko na presio mingi ndani. Batu balishakufa juu ya kitu kama hii."

"Yesu wangu!"

"Bei lazima ishuke, nyabo," Rwakabuba akadakia.

"Musiogope," Vénant akasema kwa upole wa mchungaji. "Mimi nitaitosha, niing'oe bure, niipeleke fasi ya mbali."

Mama Mukandoli akashika shavu, akafikiri.

"Bure kabisa? Mungu akubariki. Lakini toa yote. Marehemu mzee aliipitisha chini, kutoka hapa mpaka geti."

Mpaka getini! Vénant aliupima uwanja kwa macho: hatua arobaini za shaba tupu. Aliona paa jipya la mabati juu ya nyumba yake, na Grâce akiwaringia majirani. Akaomba sururu na koleo.

Alichimba tangu asubuhi. Mama Mukandoli alikaa kivulini akimwelekeza: anzia hatua mbili mbele ya bomba, nyoosha hapo, ongeza kina kidogo, kifike magotini. Rwakabuba naye alisimama ukingoni akipiga hesabu za bei mpya. Kila Vénant alipolalamika kwamba haoni bomba, mama alimjibu, "Mzee alikuwa anazika vitu chini sana." Viganja vilitoka malengelenge, kofia ikawa sufuria ya jasho. Saa tisa alifika getini. Shaba hakuiona hata ya kutengeneza hereni.

Hapo pikipiki ikasimama, wakashuka mafundi wawili wa maji na bomba jeusi la plastiki lililoviringishwa.

"Nyabo, ule mtaro tulikuambia uchimbishe uko tayari!" mmoja akashangaa. "Na umenyooka! Leo leo tunakuletea maji ya mji."

Rwakabuba akageuka. "Maji ya mji? Na bei?"

"Inapanda, sebo," Mama Mukandoli akamjibu. "Nyumba ya maji si kama nyumba ya tangi."

Fundi akaufuata mtaro mpaka nyuma ya jiko, wengine nyuma yake, akachokoa udongo chini ya lile bomba jekundu. "Hili lilikuwa la maji ya moto, la kuoshea vyombo vya maziwa. Limeishia hapa hapa chini, hatua moja tu."

Rwakabuba akaondoka bila kuaga. Vénant, udongo mpaka kwenye nyusi, akakusanya sauti iliyobaki.

"Mama, basi unipatie hata hiyo hatua moja."

"Hapana, mtoto yangu! Batu balikufa. Wewe uko na bibi nyumbani, mimi nitamwambia nini?"

Akamletea kikombe kikubwa cha maziwa, akamngoja anywe nusu.

"Niko na dada Bwizibwera," akasema. "Na yeye iko na bomba haijui. Nyekundu hivyo hivyo. Utaenda kumwangalilia?"

Vénant alifuta mdomo, akavitazama viganja vyake, kisha akauliza kwanza uwanja wa huyo dada una urefu gani.