Ukuta Unaopumua

Leo nimeaibika mbele ya mtaa mzima, na aliyeniaibisha ni ukuta. Tena ukuta niliouremba mwenyewe.

Mnajua kazi yangu: napamba nyumba kongwe za Mji Mkongwe kwa vitu vya asili. Sikusomea popote, nimejifunza vitabuni na kwa kuharibu. Hii ya mtaa wa Malindi ilikuwa ghala la karafuu, sasa inageuzwa nyumba ya wageni. Ukumbini nilibandua saruji yote, nikabakisha mawe na chokaa, nikatundika mimea ya mikangaga na mirehani kutoka sakafuni hadi kwenye boriti. Mipira myembamba ya maji huimwagilia kila alfajiri.

Asubuhi Bi Samira, mwenye nyumba, alikuja kukagua. Akiridhika, orofa za juu nazo ningezipamba mimi; funguo nilikuwa nazo tayari. Akanusa mrehani. Akatabasamu.

"Na maji yanakwenda wapi, fundi?"

"Hayaendi popote. Saruji huziba, lakini chokaa huvuta unyevu na kuutoa taratibu. Ukuta huu unapumua." (Sentensi hii naipenda. Kila mteja ameshaisikia.)

Mara mlango ukagongwa kwa fimbo. Mzee Haji, jirani! Ukuta ule upande wa pili ni wa chumba chake cha kulala. Maskini, tangu mwezi uliopita alikuwa akiamka godoro limelowa, hata mkewe, Bi Mwana, akamtandikia mpira kama mtoto, na habari zikafika barazani. Mzee aliwahi kunieleza kwa aibu. Nami, msomi wa kujisomea, nikamshauri aache chai ya usiku na akapime sukari. (Alikwenda. Hana sukari.)

"Fundi," akasema, "jana mimi na mke wangu tumelala Kendwa kwa mwanetu. Tumerudi sasa hivi. Godoro chepechepe! Nani kalikojolea?"

Bi Mwana, aliyeingia nyuma yake, akapenyeza mkono kati ya mikangaga, akagusa jiwe, akanusa vidole.

"Maji matupu."

"Fundi ananambia ukuta huu unapumua," Bi Samira akasema.

"Unapumua?" Mzee Haji akadakia. "Kwetu unakojoa!"

Nikafungua mdomo kueleza habari za mawe ya matumbawe. Bi Samira akaninyooshea kiganja.

"Funga maji. Na funguo za orofa za juu nirejeshee."

Nilidhani yamekwisha. Wapi! Mzee Haji akanitwika godoro lile la sufi, zito kama gunia la mchanga, nilipeleke juani. Yeye akatangulia. Kila baraza akasimama.

"Assalamu alaykum, jamaa! Muulizeni huyu nani mkojozi!"

Maji yananichuruzika shingoni. "Si mzee. Ni ukuta."

"Sema wasikie!"

"Ni ukuta!"

"Basi upelekeni hospitali ukapime sukari!" mmoja akapiga kelele, baraza zima likaangua kicheko.

Bi Mwana alifuata nyuma, ule mpira wa kutandika kaukunja kwapani. Hakuthubutu kumtazama mumewe.

Kazi imekwenda. Nakuombeni msicheke, nimechekwa vya kutosha kutoka Malindi hadi Forodhani. Na anayetaka kupanda bustani ukutani, kwanza apige hodi upande wa pili.