Mteremko wa Bwana Elieza Mbele ya Mkwewe

Tegeni masikio, enyi watu wa Mvumi na Mlali, nanyi mnaosinzia kwenye ofisi za serikali kule Mtumba! Wekeni chini simu zenu, mwenye karanga aache kutafuna, kwa maana leo lasimuliwa tendo la Elieza Mvunja Mawimbi, afisa mipango daraja la pili, aliyeshuka mita kumi na mbili kwa makalio yake mwenyewe.

Shujaa huyu alikwenda semina ng'ambo, akarudi na habari za meli ya watalii yenye ghorofa kumi na saba: ukumbi wa sinema, uwanja wa barafu, vyakula mchana na usiku bila kuulizwa, na juu kabisa mtelezo wa maji ambao aliapa ameushuka mara tisa. Kweli yenyewe ni kwamba meli aliiona kwa mbali akiwa bandarini, na mengine aliyasoma kwenye kijitabu cha matangazo. Lakini Mama Dorkasi, mama mzazi wa mkewe, alimwamini, akamsifu mbele ya kwaya nzima ya kanisani kwake, na uongo ule ukawa unanenepa kila Jumapili.

Ndipo tajiri mmoja akajenga pembeni mwa mji hoteli yenye umbo la meli, juu ya ardhi isiyo na hata kijito, ikiwa na sitaha, bwawa na mtelezo. Mama Dorkasi akafunga safari kutoka Mvumi.

"Mkwe wangu," akasema, "nimekuja nione ulivyofanya kule."

Elieza akakubali, kwani heshima yake yote ukweni ilikuwa juu ya ngazi za mtelezo ule.

Akajitokeza na silaha zake kamili: suti ya Kaunda, soksi, na kalamu mfukoni, maana ni nani awezaye kusimama na kaptula mbele ya mkwe? Lakini Mustapha wa Kondoa, mlinzi wa mtelezo, akamzuia.

"Bosi, vifungo vinakwaruza mtelezo. Kaptula tu."

"Ewe Mustapha!" akanguruma shujaa. "Wanitaka nimvunjie heshima aliyenizalia mke?"

Mama Dorkasi akaikata vita hiyo. Akajitanda khanga, akaligeuzia bwawa mgongo. "Vua, baba. Mimi sitazami."

Elieza akavua, akabaki na kaptula, akapanda ngazi arobaini, akakaa, akajiachia. Mita sita alikwenda kwa kishindo. Kisha maji yakakatika, kwa kuwa siku ile zamu ya kukatiwa maji ya mgao ilikuwa ya upande ule, na Mvunja Mawimbi akakwama kwenye plastiki kavu katika jua la saa nane. Hapo ukweli ukamtoka wenyewe.

"Mama yangu wee! Sijawahi kupanda hiki kitu! Meli niliiona kwa mbali tu!"

Sauti ikafika hadi jikoni.

"Jisogeze, bosi!" akapaza sauti Mustapha. Elieza akajisogeza shubiri kwa shubiri, akiugulia, mpaka akadondoka bwawani. Akajifunga taulo, akaja nyuma ya mkwewe, aibu imemjaa.

"Mama, umeona?"

"Kuona sijaona, mkwe hatazamwi," akajibu bila kugeuka. "Ila kusikia, nimesikia vyote." Mabega yakamtikisika kwa kicheko. "Basi, leo umepanda kweli. Jumapili uje uwaambie kwaya mwenyewe, mimi nimechoka kukusemea."

Na iandikwe, enyi watu wa nyanda za kati: Elieza alishuka mita sita kwa maji na sita kwa ngozi, na siku hiyo, mchana kweupe, afisa wa serikali alisema ukweli bila kuundiwa tume.