Msafiri, Si Mtembezi

Jumatatu, 3 Juni
Nimetukanwa. Tena hadharani, mbele ya karakana ya baiskeli. Nilimwomba fundi aniingize kwenye msafara wa Jumamosi, ule wa kwenda milimani. Akafuta mikono kwa kitambaa, akasema, “Mzee wangu, usinielewe vibaya, lakini wewe ni mtembezi.” Akanifafanulia kama anayemfundisha mtoto. Mtembezi hubeba chupa ya maji, huzunguka bustani, hurudi kwake jua likiwa juu. Msafiri hubeba nyumba yake kwenye keria na hulala pale giza linapomkuta.

Mimi, mtembezi! Mimi niliyeondoka kwetu na sanduku moja, nikiwa bado na nywele, na mpaka leo sanduku hilo sijamaliza kulifungua! Kama mimi si msafiri, basi nani?

Kibaya zaidi, Kengele amekubaliwa. Huyu ni jirani yangu wa ghorofa ya juu, kinyozi mstaafu. Jina amelipata kwa kupiga kengele ya baiskeli hata akiwa ameibeba kwenye ngazi. Magoti yake ni mabovu kuliko yangu. Ila ana mikoba miwili, mmoja kila upande wa gurudumu la nyuma. Kumbe siri ni mikoba.

Jumanne, 4 Juni
Nimenunua mikoba. Mikubwa kuliko ya Kengele! Nimeijaza mito ya kitandani, ikatuna vizuri. Nikapita mbele ya karakana, nikarudi, nikapita tena, nikihema kwa makusudi. Kengele akauliza inakuwaje mwenye shehena kama hiyo anaruka matuta kama kipepeo. Kisha akaubonyeza mkoba. Kidole kikazama chote. Akanishauri nisipige kelele, mzigo wangu usije ukaamka.

Hana adabu.

Jumatano, 5 Juni
Mito nje, vitabu ndani. Historia ya dunia, juzuu zote, na kamusi juu yake. Uzito wa haki! Nilipopanda, gurudumu la mbele liliinuka kama farasi aliyeona nyoka, nami nikaketi barabarani. Kengele ndiye aliyeniinua. Akaokota na kamusi, akaipangusa vumbi. Afadhali angenitania.

Alhamisi, 6 Juni
Kiongozi wa msafara ni muuguzi, mwanamama mkavu asiyebembeleza mtu. Leo alikagua mizigo. Akafungua mikoba yangu, akakuta juzuu, akauliza hema liko wapi. Nikasema huwa nasoma kabla ya kulala. Akacheka! Akasema katika hema la Kengele kuna nafasi, maana hakuna anayekubali kulala na mkoromo ule, na vitabu vitabaki karakana. Nimeingia!

Karibu niingie. Likabaki swali ambalo kila msafiri huulizwa: likitokea la kutokea njiani, nyumbani tumpigie nani? Fundi akamtaja mkewe. Kengele akamtaja binti yake. Mimi nikasema mpwa wangu, nikataja namba bila kusita. Sikujua kwamba muuguzi hujaribu kila namba papo hapo.

Simu ikaita mfukoni mwangu.

Ikaita, ikaita. Wote walitazama matairi yao. Hakuna aliyecheka. Ningeshukuru kama wangecheka. Nikasema mpwa ameisahau simu yake kwangu, kijana msahaulifu sana. Muuguzi akasema kwa upole, na upole wake ndio ulionimaliza, kwamba nafasi ni yangu nikileta namba ya mtu kabla hawajaondoka. Kengele akaninong’oneza nitaje ya binti yake, moyo wa yule unatosha wazee wawili. Nikamjibu kwamba mimi nina watu wangu.

Ijumaa, 7 Juni
Nimepitia majina yote kwenye simu. Daktari wa meno. Fundi bomba. Mwenye nyumba. Wengine namba zao hazipatikani, na baadhi najua ni kwa sababu gani. Sijawafuta.

Jumamosi, 8 Juni
Nimewasindikiza hadi darajani, kwa hiari yangu. Kengele alipunguza mwendo akasema, “Acha ukaidi, mzee mwenzangu. Namba tu! Nani atanizuia nisikorome?” Nikamwambia leo natarajia wageni. Wakakata kona. Kengele yake niliisikia hata baada ya kutoonekana mtu.

Juu kimya. Hakuna anayeburuta viti.

Jumapili, 9 Juni
Binti wa Kengele amebisha hodi. Akasema kupitia mlango kwamba baba yake amempigia kutoka njiani, amemwagiza anijulie hali, na kwamba kuna chakula, shikamoo baba, karibu tule. Nilisimama nyuma ya mlango, pumzi nimeibana, mpaka nyayo zake zikaishia ngazini. Ukoo ule naujua. Wamekuja kunisimanga.

Alasiri nimenunua simu ya pili. Mpango safi kabisa! Msafara ujao namba itaita nyumbani, si mfukoni. Nimeiweka mezani sebuleni, nikaenda jikoni, nikaipigia. Ikaita vizuri, nyumba nzima. Nikarudi mbio kuipokea.

Tumezungumza kidogo.