Siku Lukasi wa Dongobesh Alipopiga Magoti Mbele ya Jiwe la Kusagia

Tulieni, enyi watu wa Mbulu na Hanang, ninyi mnaolima vilimani na ninyi mnaochunga nyikani. Wekeni chini majembe, fungeni ndama wenu, mkasikie habari iliyo kuu kuliko vita ambavyo Waingereza walikuwa wametoka kuvimaliza mwaka ule. Vita vile yalipigana mataifa mengi kwa mizinga na ndege; hivi ninavyovisimulia alipigana mwanamume mmoja, kwa magoti yake mawili, dhidi ya kibaba cha mtama.

Mwanamume huyo ni Lukasi, fahari ya vilima vya Dongobesh, bwana wa ng'ombe kumi na mmoja, mwangusha miti, ambaye akiita mifugo yake ng'ambo ya bonde hata punda wa jirani waliinua masikio. Asubuhi hiyo ya masika mkewe Scolastica alikuwa amelala juu ya ngozi nyuma ya kiambaza, siku ya pili tangu ajifungue mtoto wa kike. Homa ilimshika, midomo ilimkauka, na maziwa yalikuwa machache. Mtoto alinyonya, akaachia, akalia. Chombo cha unga kilikuwa kitupu. Wanawake wa ukoo, ambao ndio wangekuja kusaga na kupika, walikuwa ng'ambo ya mto, na mto ulikuwa umefurika na kuyafunika mawe ya kivuko.

Ndani alikuwamo mkunga, Bibi Perpetua, aliyewapokea duniani nusu ya watu wa vilima vile. Lakini katika kuja kwake alikuwa ameteleza matopeni, na kifundo cha mkono wake wa kulia kilivimba kama kiazi. Akatokeza mlangoni, akasema bila kupaza sauti:

"Lukasi, huyu hajala tangu jana mchana. Asipopata uji, mtoto hatapata maziwa. Mtama upo, jiwe lipo, moto upo. Kinachokosekana ni mikono miwili."

Lukasi akaitazama mikono yake miwili. Ilikuwapo. Hata hivyo akachukua ungo wa mtama, akatoka nje kutafuta mingine.

Chini ya upenu walikuwa wamejikinga mvua mashujaa wawili. Wa kwanza ni jirani yake Gidabuday, mchungaji kutoka upande wa Gendabi, ambaye alimsubiri simba kwa mkuki mpaka akayahesabu meno yake. Wa pili ni Gervasi, mpishi wa ofisa wa Kiingereza bomani Mbulu, aliyekuja likizo na kofia yake ya kitambaa kigumu. Lukasi akawaeleza shida yake, naye Gidabuday, alipouona ungo mkononi mwa mwanamume mwenzake, akarudi nyuma hatua tatu.

"Babu yangu aliniambia," akasema yule muua simba, "kwamba mwanamume akisaga, ndevu hukoma kuota. Mimi sijaona. Lakini sitaki niwe wa kwanza kuona."

Gervasi akasafisha koo, akaweka mkono kifuani kama anayehutubia baraza la machifu. "Ndugu Lukasi, nakuhurumia, lakini maumbile ni maumbile. Mwanamke ameumbiwa jiwe, mwanamume ameumbiwa mkuki. Kiuno chetu hakikunjiki mbele ya jiwe, na mkono wetu haujui mwiko. Ngoja mto upungue. Mwanamke hafi kwa njaa ya siku mbili."

Aliyasema hayo mtu ambaye kwa miaka tisa alikuwa akiamka kabla ya jogoo, akavaa aproni nyeupe, akampikia Mzungu mayai, uji wa shayiri na keki za zabibu. Na kwa kazi hiyo hiyo wakubwa wa nchi walimpa kiti cha kukalia.

Bibi Perpetua alikuwa amesikia yote, akatoka na mkono wake umefungwa kwa kitambaa.

"Shikamoo, Bibi," wakasema wote watatu, wakiinamisha vichwa.

"Marahaba. Gervasi, kule bomani mkono unaoshika mwiko ni wa nani?"

"Ni wangu, Bibi. Lakini ile ni ajira. Nina barua yake."

"Basi barua ndiyo inayokulindia uanaume. Na hicho kiuno kisichokunjika, Jumapili nilikiona kanisani kimekunjika tangu mwanzo wa sala mpaka mwisho." Akaketi kwenye gogo, kwa kuwa maumivu yalikuwa yamemchosha. "Nimepokea watoto zaidi ya mia tatu. Mtoto akitoka namtazama, nasema huyu wa kike, huyu wa kiume. Tofauti hiyo naijua, sihitaji kufundishwa na mpishi. Lukasi hana tumbo la kubeba mimba wala titi la kunyonyesha, na hayo simdai. Lakini sijamwona hata mtoto mmoja aliyetoka ameshika jiwe la kusagia. Jiwe nilipewa na mama yangu nikiwa na miaka saba. Nikasaga vibaya, nikapigwa. Nikasaga tena, nikapigwa tena, mpaka magoti yakaota sugu. Kama ni maumbile, mbona nilipigwa?"

Mashujaa wale wakageuka ghafla kuwa wachunguzi wa mawingu. Lukasi hakuyatazama mawingu. Jiwe hakuliogopa, alichoogopa ni jinsi Gervasi atakavyosimulia kilabuni. Ndipo mtoto akalia tena ndani, na kilio kile kilikuwa kidogo kuliko cha alfajiri. Lukasi alikisikia kikipungua. Akaingia.

Lo, ni ulimi gani utatosha kueleza mapambano yale? Alipiga magoti mbele ya jiwe kama mfalme aliyeshindwa, akalishika jiwe la juu kwa nguvu zinazong'oa visiki, akalisukuma. Na jeshi la mtama likatawanyika pande zote, nusu yake likaangukia mikononi mwa kuku. Akamimina tena. Jiwe likamwuma kidole cha shahada mpaka damu ikatoka. Jasho likamtiririka, mgongo ukamlilia, mapaja yakatetemeka, na yule mwangusha miti akagundua kwamba kazi aliyokuwa akiiita nyepesi kwa miaka kumi na miwili ilikuwa ikifanywa kila siku na mtu aliyemzidi uvumilivu. Bibi Perpetua alimwelekeza kwa maneno machache. Hakumsifu.

Unga ulipopatikana, wenye chengachenga kama changarawe za mtoni, akautia wote kwa mpigo kwenye maji yaliyokwisha chemka. Ukafanya madonge. Gervasi, aliyekuwa akichungulia mlangoni, alijizuia kadiri alivyoweza. Kisha akatazama nyuma, akaona Gidabuday amempa mgongo, akaingia, akafunga mlango.

"Unauchoma," akanong'ona, akamnyang'anya mwiko. "Unga unakorogwa kwanza na maji baridi. Leta kata. Na wewe hukuniona hapa."

Scolastica akainuliwa, akanywa. "Una mchanga," akasema, akanywa tena. Akamaliza bakuli, akaomba la pili, na kabla ya jua kufika utosini mtoto alinyonya asiachie, akalala. Lukasi alikaa karibu nao, kidole chake kimefungwa kwa jani.

Baadaye alikwenda peke yake nyuma ya zizi, akajikagua kwa makini. Kila kitu kilikuwa mahali pake.

Siku ya tatu mto ulipungua, na wanawake wa ukoo wakavuka na vikapu vyao. Walimkuta shujaa amepiga magoti jiweni, akisaga mtama wa jioni. Hawakucheka, wala hawakupiga vigelegele. Mkubwa wao akatua mzigo, akamzunguka, akamtazama kama atazamwavyo msichana anayeanza.

"Unalishika vibaya," akasema. "Tanua magoti. Sukuma kwa mabega, siyo kwa mikono."

Lukasi akatanua magoti.

Na ijulikane kwa vizazi vyote, kuanzia Dongobesh hata Balangdalalu, kwamba katika mwaka ule, bila kupigiwa baragumu wala kupewa nishani na Serikali, Lukasi mshinda kibaba, akiwa na umri wa miaka thelathini na sita, alianza masomo yake, miaka ishirini na tisa nyuma ya wasichana wa nchi ile.