Kuku wa Firigisi Mbili

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Sikukuu ya wakulima, na mimi nimeonewa kwenye meza yangu mwenyewe.

Mwamvita, mke wangu, kapika kuku. Harufu imejaa Bunju nzima. Nimekaa, nimenawa, nimejiweka sawa. Sahani inakuja. Firigisi inapita mbele ya pua yangu, inakwenda kutua kwa baba mkwe! Mzee Shomari, mstaafu wa bandari, alikuja kutoka Kurasini kutusalimia. Huu mwezi wa tatu anasalimia. Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Huyu kapewa firigisi.

Nimemuuliza Mwamvita jikoni, kwa sauti ya chini, kama amesahau firigisi ni ya mwenye nyumba. Akasema firigisi ni ya mkubwa, na mkubwa wangu yupo. Kisha akaniuliza kama sioni haya.

Sioni! Kodi nalipa mimi. Kuku nafuga mimi. Naambulia shingo!

Jioni televisheni ikaonyesha maonyesho ya kilimo. Bwana mmoja mwenye koti jeupe akasema siku hizi wataalamu wanaweza kubadilisha jeni za mmea au mnyama wakampa sifa asiyokuwa nayo. Nilisimama. Mzee akanifokea namkinga asione televisheni.

Sifa asiyokuwa nayo. Kwa mfano, firigisi ya pili.

Jumamosi, 9 Agosti

Sikwenda kuonyesha viwanja leo. Udalali utasubiri, sayansi haisubiri. Nimekwenda kwa Ummulbanin, binti mwenye duka la dawa za mifugo pale barabarani. Kasoma chuo kikuu, na ana subira, maana wateja wake nusu ni wabishi na nusu ni ng'ombe.

Nikamwambia nauliza kwa niaba ya rafiki.

Akaeleza vizuri. Kila chembe ya mwili ina vinasaba, maelekezo ya kujenga kiumbe kizima. Jeni ni kipande kimoja cha maelekezo hayo, kama vile katika mapishi yote anayoyajua mama yako, pishi la pilau ni moja tu. Wataalamu wana protini inayokata kama mkasi. Wanakata jeni huku, wanaipachika kule. Bakteria, kwa mfano, walipachikwa jeni ya binadamu ya insulini. Sasa wanatengeneza insulini kwenye mapipa makubwa kiwandani.

Insulini! Si ndiyo ile dawa ya kisukari ya baba mkwe, iliyoko kwenye friji langu karibu na maji yangu ya baridi?

Akaongeza kwamba kwa kuku kazi hufanyika mapema, kiumbe kikiwa bado kinaanza ndani ya yai. Inataka maabara, kibali na miaka ya kusoma. Na kiungo kizima hakitokani na jeni moja, jeni nyingi hushirikiana. Aliongea mengine mengi. Mie nilikuwa nimeshafika kwenye yai.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimeanza na njia rahisi. Vinasaba vya firigisi si vimo ndani ya firigisi? Basi! Nimenunua firigisi sokoni, mfuko mzima, nikazikatakata nikamlisha Kishungi, tetea wangu bora. Kala kwa furaha. Jogoo akaja kudokoa, nikamfukuza. Utafiti unataka nidhamu.

Nikapita dukani kutoa taarifa. Ummulbanin alicheka mpaka akashika kaunta. Akasema kila chakula kina vinasaba, na tumbo linavisagasaga kama kitu kingine chochote. Ingekuwa kula kunahamisha jeni, kwa mchicha ninaokula ningeshachipua majani. Kisha akauliza: kaka Faraji, kama ulikuwa na mfuko mzima wa firigisi, kwa nini hukuzila?

Swali la kitoto. Firigisi ya kununua ni nyama tu. Firigisi ya heshima ni ile unayowekewa sahanini na watu wanaona.

Jumatano, 13 Agosti

Balaa. Naandika nikiwa bandani, kwa kuku. Ndani sitakiwi.

Asubuhi nilichukua yai la Kishungi. Nikachukua bomba moja la sindano la Mzee, jipya, anayo boksi zima. Nikavuta mchuzi wa firigisi nikauingiza ndani ya yai, taratibu, kwa mkono wa daktari. Tundu nikaliziba kwa nta ya mshumaa. Wallahi nilijisikia profesa. La pili nililifanyia vilevile nikalificha nyuma ya friji, penye joto.

Nikageuka. Mzee Shomari mlangoni!

Akataka kujua sindano yake inafanya nini na yai. Hapo ningesema uongo wangu wa kawaida mambo yangeisha. Lakini nilikuwa na uprofesa kichwani. Nikamwambia Baba, usinione mjinga, hata insulini yako imepatikana hivihivi, bakteria wametiwa jeni ya mtu.

Akauliza bakteria si vijidudu? Nikasema ndiyo. Akauliza, kwa hiyo miaka sita najichoma vijidudu? Akalitoa boksi la insulini kwenye friji, akaliweka juu ya meza, akaapa haingii tena mwilini mwake.

Jioni hakujichoma. Mwamvita kabembeleza, kalia. Ng'o.

Alhamisi, 14 Agosti

Mzee kaamka na kiu. Kamaliza jagi la maji, kaomba lingine. Chooni kila saa. Kufika saa nne miguu haina nguvu, kalala kwenye kochi macho yamelegea. Zahanati hataki, anasema watamchoma yaleyale.

Mwamvita akanivuta ukumbini. Hakupiga kelele, na hilo lilinitisha zaidi. Akasema baba yangu akipatwa na jambo, Faraji, mimi na wewe basi.

Niliogopa. Shetani alininong'oneza kidogo habari za firigisi, nikamlaani palepale. Nikatoka mbio na kandambili moja mpaka dukani. Ummulbanin akafunga duka bila kuuliza.

Akaingia, akamwamkia Mzee shikamoo, akaketi chini karibu na kochi. Akamwambia babu, bakteria ni mpishi tu. Amepewa pishi la mwili wa binadamu, anapika, kisha insulini inachujwa na kusafishwa, yeye anabaki kiwandani. Ukipikiwa pilau unakula pilau, humli mpishi.

Mzee akauliza, na zamani, kabla ya huo ujanja, walikuwa wanaitoa wapi?

Ummulbanin akasita. Akasema kwenye kongosho za ng'ombe. Na za nguruwe.

Mtume! Mzee alikaa wima kama kachomwa na mwiba. Nguruwe? Akataka zahanati, akataka sindano, akawaombea dua bakteria wote wa ulimwengu. Tukampeleka kwa bajaji. Sukari ilikuwa juu sana, wakamhudumia, jioni tukarudi naye. Nesi alinisema mbele ya foleni nzima. Nilistahili. Nimelia kidogo chooni, kwa furaha.

Ijumaa, 15 Agosti

Mzee mzima wa afya. Mwamvita kaamua tumshukuru Mungu kwa kuku. Kuku gani? Kishungi! Mzee kachinja mwenyewe.

Nilisimama karibu na karai kama ninayesubiri matokeo ya mtihani. Mwamvita kapasua. Firigisi moja.

Mezani akaileta, akashika kisu, akaikata katikati. Nusu kwa baba yake, nusu kwangu. Akasema miezi mitatu wazee wawili mnanuniana, na kisu kilikuwa jikoni siku zote. Mzee akacheka, akanigongea sahani, akaniita mwanangu. Nilitafuna taratibu. Ilikuwa tamu, na roho yangu ilikuwa nyeupe.

Kisha nikatazama vizuri. Nusu yake ilikuwa kubwa!

Kisu ni kifaa cha kubahatisha. Kinachotakiwa ni ule mkasi wa Ummulbanin, ukate sawasawa tangu ndani ya yai. Kesho akifungua duka anikute mlangoni. Lile yai la nyuma ya friji lina joto bado, ingawa limeanza kunuka kidogo.

Bomba la sindano nimeshaazima. Mzee kalala.